Kidole Gumba cha Zambarau

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo kidole gumba changu kilikuwa cha zambarau na mdomo wangu ukasema, "Nzuri." Nataka nikueleze ilikuwaje, kwa sababu juzi nilikuona umeinamia simu, grupu la kamati ya harusi ya mwenzako linalia kila dakika, na wewe ukabonyeza ile alama ya dole huku uso umekukunjamana. Uso ule naujua. Niliuvaa kabla yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nauza vitambaa kwenye meza ndogo karibu na Mtaa wa Msimbazi. Nafasi ya meza ile nilitafutiwa na Bi Zainabu, mwanamke wa Lindi aliyetutangulia sokoni. Msichana yeyote aliyefika Kariakoo bila ndugu, Bi Zainabu alimfanya wake. Alikuwa mkubwa wa mwili, mpole, asiyependa maneno mengi. Akigusia jambo, sisi tulilichukua kama limeshaamuliwa.

Jambo la kwanza nililofundishwa kwenye vitambaa ni hili: kabla hujakisifu kitambaa, lowesha kidole gumba kwa mate, sugua kwenye pindo, kisha tazama kidole chako. Kikitoka kama kilivyoingia, kitambaa ni kizima. Kikitoka na rangi, kitambaa kinachuja, na hapo umwambie mteja ukweli, au umuuzie mteja ambaye hutaki kumwona tena.

Basi mwenzetu Rehema, aliyekuwa na meza jirani na yangu, akapata mchumba. Mama yake alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja kule Mchafukoge, na shela ya binti yake aliishona mwenyewe, kila asubuhi kidogo kidogo kabla wateja hawajaanza kumsumbua. Macho yalikuwa yameanza kumchoka. Alituambia wazi kwamba hiyo ndiyo nguo nyeupe ya mwisho atakayoishona. Tulikwenda kuiona kwa zamu, na kabla ya kuigusa tulinawa mikono kwa sabuni kama watu wanaokwenda kula.

Kamati yetu ilikuwa ya wanawake saba. Tukakutana uani kwa Bi Zainabu, tukakaa mkekani, tuchague sare. Unajua sare ilivyo katika mji huu. Pilau likiungua, watu husahau. Sare ikiwa mbaya, utaisikia mpaka mtoto wa kwanza wa bibi harusi aanze shule.

Bi Zainabu akatoa kipande cha batiki, zambarau iliyokolea, chenye maua meupe. Hakukisifu. Alisema tu ameiona hii, tunasemaje, kisha akampa aliyekaa kuliani kwake.

Nilikuwa wa mwisho katika duara, kwa hiyo niliona kila kitu. Wa kwanza, Bi Mwajuma, alikitazama kidogo, akamtazama Bi Zainabu muda mrefu zaidi, akasema ni nzuri. Wa pili akasema ni nzuri sana. Wa tatu akasema Bi Zainabu ana jicho. Wa nne akakubaliana na wa tatu. Kikafika kwa Mama Happy, mwanamke wa Rombo aliyeuza viatu vya mitumba Mchikichini, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na breki hata mbele ya askari wa mgambo. Alikikunja, akakikunjua, akakinusa. Nikafurahi moyoni, nikajua huyu atasema. Akasema, "Nzuri."

Kikaja kwangu. Mkono wangu ulikuwa umezoea kazi, haukuningoja. Kidole kikaenda mdomoni, kikaenda kwenye pindo, kikarudi na rangi ya zambarau kama nimemenya zabibu.

Mwanangu, nilikitazama kidole kile, kisha nikainua macho nikaona nyuso sita zinaningoja. Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyekunja uso. Lakini nilianza kujitetea ndani kwa ndani dhidi ya kidole changu mwenyewe. Watu sita, wote wafanyabiashara, wote wakubwa kwangu, wawe hawajaona? Pengine mate yangu ndiyo yana kasoro. Pengine batiki nzuri huchuja kidogo mwanzoni. Nikaficha kidole kwenye kanga yangu, nikasema, "Nzuri. Itatutoa kweli kweli."

Wote wakatabasamu, nami nikasikia raha ya ajabu, raha ya kuwa ndani. Usiidharau raha hiyo. Ndiyo iliyoniponza.

Ikafika Jumamosi ya harusi. Turubai limefungwa katikati ya mtaa, saa tisa alasiri, jua la Bongo unalijua. Sisi saba tuliwekwa pembeni kwenye viti vya plastiki vyeupe kungoja zamu yetu. Utaratibu ulikuwa tuingie kwa mstari tukicheza, tufike kwa bibi harusi, na kila mmoja amkumbatie, kifua kwa kifua, shavu kwa shavu.

Ngoma zikalia, tukasimama. Nikageuka nyuma kuangalia kama nimeacha pochi yangu, nikaviona viti. Viti saba vyeupe, na kila kimoja kimepigwa muhuri wa zambarau, mkubwa wa Bi Zainabu na mdogo wangu. Na wenzangu nao waliviona. Nilishuhudia kila mmoja akivitazama, kisha akageuza uso mbele haraka na kuongeza kucheza, kana kwamba tukicheza kwa bidii rangi itarudi ilikotoka.

Mbele yangu shingo ya Mama Happy ilikuwa inatiririka jasho la zambarau mpaka mgongoni. Na mbele yetu sote, hatua kama kumi, Rehema ameketi kwenye jukwaa, mweupe pe, na mama yake amesimama nyuma yake anainyoosha mikunjo ya shela kwa kiganja, polepole, kama mtu anayeaga.

Bi Zainabu akainua mikono kumkumbatia. Hapo ndipo nilipotoka kwenye mstari. Sikuwa jasiri. Nilikimbia mbele nikasimama kati yake na Rehema.

"Shikamoo Bi Zainabu," nikasema, maana sikujua pa kuanzia. "Naomba tusimguse. Batiki inachuja."

Ngoma moja ikaendelea peke yake kidogo, kisha nayo ikanyamaza.

"Marahaba," akasema. "Umejua lini, we Tatu?"

"Jumapili ile uani. Nilisugua na kidole."

Nilijiona tayari nimefukuzwa mezani, mtaani na mjini. Kisha nyuma ya Bi Zainabu nikasikia sauti ya Mama Happy.

"Hata mimi nilijua. Jana nimeifua mara tatu na chumvi, beseni likawa kama nimechinja zabibu."

Aliposema yeye, milango ikafunguka. Wa nne akakiri kwamba alikuwa ameshona bitana ya mfuko wa sukari ndani. Bi Mwajuma akainua pindo kidogo, na chini yake akawa na gauni jingine zima, lake la nyumbani, amejikinga nalo. Kumbe kila mmoja alijua, kila mmoja kajificha na siri yake, na kila mmoja alidhani wengine sita wameridhika. Watu chini ya turubai wakaanza kucheka, na Rehema kwenye kiti chake akacheka mpaka akashika mbavu.

Aliyecheka kuliko wote ni Bi Zainabu. Alipopata pumzi alituangalia mmoja mmoja, akatoa lile karipio ambalo sijalisahau.

"Nilileta kipande," akasema. "Kama ningekuwa nimeamua, si ningeleta gora zima? Sikuwa na imani nayo. Nikawaletea ninyi, wauza nguo wazima, mnikatalie. Nzuri, nzuri, nzuri, mpaka nikaona macho yangu ndiyo yamezeeka."

Mama yake Rehema hakungoja hotuba iishe. Akaagiza kanga. Nyumba za mtaa mzima zikatoa: za kijani, nyekundu, za maua, za zamani zilizopauka, nyingine zimetoka kuanikwa. Tukajifunga kuanzia kifuani mpaka kwenye vifundo vya miguu, mabega tukayafunika kwa nyingine, hakuna mbili zilizofanana. Tukarudi mwanzo wa mtaa, ngoma zikaanza upya, tukaingia tena kama bustani inayotembea. Mpaka leo wazee wa pale wakiitaja harusi ile wanaiita harusi ya sare saba.

Shela ilibaki nyeupe, isipokuwa mahali pamoja. Nilipomkumbatia Rehema nilimshika mkono, na alama ya kidole gumba changu, kilichokuwa kimeshika rangi ya sare, ikabaki kwenye kiwiko cha shela, zambarau. Nikalia. Mama yake akaitazama, akasema wala nisihangaike, na wiki ile ile akashona ua dogo jeupe juu yake. Mabinti wa ukoo wao wameivaa shela ile mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja huuliza kwa nini kiwiko kimoja kina ua na kingine hakina.

Siku hizi nasikia mambo haya yanasomwa vyuoni, jinsi watu wanavyofuatana. Ni vizuri. Ukitaka kujionea mwenyewe, chukua wenzako wawili, simameni Msimbazi mtazame dirisha la juu la ghorofa yoyote. Mimi na Mama Happy tulijaribu siku moja biashara ilipolala. Baada ya muda mfupi tulikuwa umati, na bwana mmoja akawa anawaeleza wengine kwa uhakika kabisa kile alichokiona.

Sasa nikupe ninachotaka ubaki nacho. Usiwachukie watu kwa sababu wanafuatana. Raha ya kuwa pamoja ndiyo iliyotufanya tuweze kuishi katika mji huu. Ila kabla hujasikiliza duara linasemaje, soma kwanza kidole chako, na usikifiche kwenye kanga. Ukiona watu wote wamekubali upesi, jua huenda kila mmoja anamngoja mwenzake. Sema kwa adabu, anza na shikamoo kama ipo, lakini sema. Na ukimsikia mtu anasema peke yake jambo ambalo nawe umeliona, usimwache amesimama hivyo hata dakika moja. Kuwa Mama Happy wake. Siku utakapokuwa wewe ndiye mkubwa wa mkeka, fanya kama Bi Zainabu alivyofanya kuanzia harusi iliyofuata: kipande kilianza kwa mdogo kuliko wote, na yeye alisema wa mwisho.

Haya, shika simu yako. Wenzako kumi na tisa wameweka dole, na mimi nina hakika si wewe peke yako uliyekunja uso. Mungu akupe macho yanayoona, ulimi mpole usioogopa, na mwenzako mmoja wa kukuitikia upesi. Na harusi zako zote, mwanangu, ziwe za kucheka.