Mlafi Huangalia Sahani

Nakumbuka Jumapili moja ya Karagita, mwanangu, nguo zimejaa kwenye kamba na mimi nimesimama na karai la maji mikononi, nimesahau hata kulitua, kwa sababu ya hadithi. Lakini kabla sijafika huko, nikupe haki yako kwanza. Jana ulinisomea mchezo uliowaandikia vijana wa kanisa hapa Section 58, nikacheka mpaka nikakohoa. Una mdomo wewe, mjukuu wangu, na hukuutoa kwa babako. Ila yule mwenye nyumba wako anayemfukuza mjane hakunishibisha. Ameingia akifoka, akatoka akifoka. Nilipokuuliza anafokea nini, ukaniambia, "Shosho, huyo ndiye mbaya wa stori. Si lazima watu wamchukie?" Sikukujibu jana. Leo keti, chai iko kwenye chupa, nikupeleke kwa mwalimu wangu.

Nilikuwa na umri kama wako, nimekwenda Naivasha kutafuta kazi kwenye mashamba ya maua. Huko, mtaani Karagita, mtu alipanga chumba kimoja, akapika humo, akalala humo, na mgeni akija akamkalisha kitandani. Ploti yetu, ule ua wa vyumba vya kupanga, ilikuwa na mfereji mmoja wa maji katikati na watu kutoka kila upande wa nchi. Siku za kazi tulionana migongo tu, kila mtu akiwahi shambani. Jumapili baada ya kanisa ndipo tulipokutana kufua, na kufua kwenyewe kulikuwa baraza. Penye wengi pana mengi.

Mwenye baraza alikuwa Mama Nekesa, mama wa makamo kutoka upande wa Bungoma aliyefunga maua kwenye shamba nililofanyia kazi mimi. Alikuwa mnene, mwenye sauti ndogo. Sauti ndogo, mwanangu, nawe uliyezoea kipaza sauti! Tulinyamaza wenyewe ili tumsikie. Kwao, kama kwetu, hadithi haisimuliwi mchana. Wazee walituambia ukifanya hivyo ng'ombe watapotea malishoni. Kuna mtu alimkumbusha mwiko huo, naye akamjibu, "Hapa Karagita ni nani ako na ng'ombe? Suuza hiyo shuka."

Hadithi yake ilikuwa ndefu, inakatwa Jumapili hii na kuungwa Jumapili ijayo. Ilimhusu mama wa kambo aliyeitwa Nasambu, na mtoto aliyeachiwa na marehemu mke wa kwanza, jina lake Nafula. Nasambu alikuwa mkali. Alimtuma Nafula kisima cha mbali na kile cha karibu kikiwa na maji. Hakumbeba, hakumsuka, hakumwita kwa jina. Tulimchukia Nasambu kwa moyo wote. Wengine walikuwa wakimtukana huku wakipiga nguo kwenye jiwe, na nguo zikatakata kuliko kawaida.

Sasa, kwenye ploti hiyo hiyo tulikuwa na mama wa kambo wa kweli. Aliitwa Wanjiru, msichana aliyekuja kuolewa na fundi wa baiskeli aliyefiwa na mke. Alimkuta mtoto wa miaka sita, Nyambura. Wanjiru hakuwa na maneno mengi, na mtu asiye na maneno, majirani humtungia. Tena alikuwa na tabia moja iliyotuudhi wote. Akimpakulia Nyambura chakula, alisimama naye mlangoni, peupe, akachota kijiko kimoja au viwili kutoka sahani ya mtoto, akala, ndipo akampa. Kila siku. Watu wakampachika jina la Mama Kijiko. Wakasema anamla mtoto riziki yake. Mama wa kambo si mama, walisema, na maneno hayo yakatembea kwa miguu yake mpaka Njoro kwa dada ya yule fundi.

Dada huyo akatuma ujumbe kwamba Jumapili anakuja kumchukua Nyambura, na akishamchukua, mtoto harudi tena. Baba mtu hakumkatalia. Wanjiru alifunga nguo za mtoto kwenye leso. Nilimwona kwa dirisha lake, anazikunja, anazifungua, anazikunja tena. Nilikuwa mgeni, sikujua niseme nini, lakini roho iliniuma.

Jumapili ikafika, na shangazi akafika, amevaa koti zito la baridi ya Njoro kwenye jua la Naivasha. Akapewa kiti karibu na mfereji, maana ndani hakukukalika kwa joto. Wanjiru alikuwa hapo akifua kimya, Nyambura amechutama kando yake. Hakuna aliyetaka kuanza kuzungumza. Ndipo mmoja wetu akasema, labda kwa kuogopa ule ukimya, "Mama Nekesa, tupe ile stori. Nasambu alifanya nini tena?"

Mama Nekesa akakausha mikono. "Nasambu," akasema, "alianza kuonja chakula cha mtoto mlangoni, watu wote wakimwona."

Mwanangu, nilitaka ardhi inimeze. Wanawake walitazamana, mmoja akaziba mdomo asicheke. Shangazi aliinua kichwa. Wanjiru aliinamisha chake mpaka kidevu kikagusa kifua. Nikafikiri, huyu mama mnene wa watu ameamua kummaliza msichana mbele ya wifi yake.

Lakini mcheza kwao hutunzwa, na huyu nitamtunza kwa sifa mpaka nizikwe. Hakusema Nasambu ni mlafi. Hakusema pia kwamba Nasambu ni mwema, na hapo ndipo ungekosea wewe, ungeharakisha kumtetea. Alimwacha Nasambu mlangoni na kijiko chake, akaturudisha nyuma, Nasambu akiwa mtoto mdogo, anachungulia kwenye ua wa shangazi yake. Shangazi huyo naye alikuwa analea mtoto wa marehemu. Mtoto akanywa uji asubuhi, jioni akapata homa, akafa. Homa tu, homa kama za siku zote. Lakini watu walisema ule uji ulitiwa sumu. Wakaja na mawe. Nasambu mdogo akamwona shangazi yake akikimbia bila viatu, na hakurudi hadi leo.

"Halafu akakua," Mama Nekesa akasema, sauti imeshuka zaidi, "akaolewa, akapewa mtoto wa marehemu. Sasa nyinyi niambieni. Kwetu, mwenye pombe huonja kwanza, ndio mgeni ajue haina kitu. Nasambu akasimama mlangoni, akaonja. Alikuwa anaonyesha kijiji. Na kisima cha karibu kilikuwa ndani ya boma la watu waliomsema, hakutaka mtoto anywe huko."

Kisha akaongeza, "Lakini Nafula hakujua hayo. Nafula alikuwa anaona tu mama anapunguza chakula. Alilala akilia, na Nasambu alimsikia, na hakuenda kumshika."

Mfereji ulikuwa unamwaga maji na hakuna aliyekumbuka kuufunga. Wanjiru aliliweka chini shati alilokuwa akilikamua. Akasema, bila kumtazama mtu, "Kwetu ilikuwa githeri."

Hayo tu. Baadaye tulijua kwamba ni nyanya yake aliyesingiziwa kutia sumu kwenye chakula hicho cha mahindi na maharagwe, na kwamba walihamishwa kwa ajili ya jambo hilo. Siku hiyo hatukujua zaidi ya neno hilo moja, nalo lilitosha. Shangazi aliutazama mkono wa Wanjiru wenye povu la sabuni. Hakuomba msamaha; watu wazima wa wakati ule hawakuwa wepisi hivyo. Alisema tu, "Nimetoka mbali. Hakuna chakula kwa hii nyumba?"

Wanjiru akaingia, akatoka na sahani mbili za wali na maharagwe, moja ya mgeni na moja ya Nyambura. Akafika mlangoni, na kwa mazoea akachukua kijiko.

"Usionje," shangazi akasema. "Tuletee tu hivyo."

Wanjiru alisimama na kile kijiko hewani, machozi yakamshuka bila sauti. Nyambura akaenda akaichukua sahani yake mwenyewe kutoka mkononi mwake. Shangazi alirudi Njoro peke yake, na zile nguo zikafunguliwa kwenye leso. Nami sikuwa na aibu kulia, wala sina hadi leo nikikumbuka.

Jioni nilimfuata Mama Nekesa akianua nguo. Nikamuuliza kama Wanjiru alimweleza siri yake. Akashangaa. "Anieleze saa ngapi? Huyo msichana haongei."

"Sasa ulijuaje?"

"Sikujua. Niliangalia macho. Mtu mlafi huangalia sahani. Huyu alikuwa anatuangalia sisi."

Nimeishi miaka mingi, nimesikia wahubiri na wanasiasa, na bado sijasikia darasa la kutunga hadithi lililoshinda hilo. Wengi tulikaa mlango kwa mlango na Wanjiru, tuliona kijiko. Mama Nekesa aliona macho yalikokwenda, akajiuliza mtu huyu anaogopa nini, kisha akatafuta hadithi ya kuibeba hofu hiyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mtunzi hodari hukilalia japo kwa usiku mmoja.

Basi mwanangu, rudi kwa yule mwenye nyumba wako. Usimfanye malaika, mjane amefukuzwa, na mvua inamnyeshea, usiifute mvua hiyo. Nafula alilia, na Mama Nekesa hakutuficha kilio chake. Lakini mtafutie mwenye nyumba kitu anachokiogopa, na usitutangazie. Mpe mkono wake kazi ya kufanya, utuache tuone kazi hiyo na kuifahamu vibaya, halafu, tukishaiva kwa chuki, utugeuzie upande wa pili. Kama hujui anaogopa nini, usiandike neno. Toka nje, nenda sokoni, kaa kwenye benchi la kinyozi, tazama macho ya watu yanakwenda wapi wakati mikono yao inafanya mambo mengine. Na ukishazoea kuwatazama hivyo watu wa kubuni, utashindwa kuwahukumu haraka majirani wako wa kweli. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kazi hii, na mimi nisingekupotezea muda kwa ajili ya makofi ya kanisani peke yake.

Mungu wa baba zetu akupe subira ya kutazama na huruma isiyo pofu. Akulinde na haraka ya kujua. Na kila utakayemtunga, mwema kwa mbaya, aondoke mkononi mwako akiwa mtu kamili, na anayekaa peke yake kwenye viti vya nyuma, akiogopa jambo asiloweza kusema, asikie kwamba kuna aliyemwona.