Shetani Aliyepiga Magoti

Juzi nilikuwa natazama kwenye simu ile tamthilia ya shetani anayetaka kuacha ubaya. Alipiga magoti mbele ya mama ambaye yeye alimuulia mtoto, mama akafungua mdomo amjibu, bando likaisha. Palepale, kama utotoni!

Mchana ule wa utotoni, kijijini Talatala, tulijazana sebuleni kwa jirani kutazama tamthilia hiyohiyo kwenye televisheni yake. Kakao yetu ilianikwa uani, uchachu wake ukiingia dirishani. Niliamini kabisa kwamba tukiondoka kabla ya mwisho, shetani hatasamehewa. Yule mama akafungua mdomo.

"Mvua!" Bibi akaingia, kanga imemganda mwilini. "Mnatazama mapepo, kakao inalowa!"

Akanikokota nje. Nilizoa kakao huku nikilia kwa hasira. Bibi, ambaye kila Jumapili aliiombea televisheni ile iungue, akageuka kutazama kama kuna mtu, kisha akaninong'oneza:

"Kwani yule mama amemsamehe?"

Nilinuna, nikaendelea kuzoa. Nilidhani tumechelewa kuianua kwa sababu yangu. Leo ndiyo najua kwa nini kakao ilikuwa imeshalowa chapachapa: Bibi alikuwa amesimama dirishani kwa jirani tangu matone ya kwanza.