Msimu wa Ngolo Nilipoacha Vidonge

Muuguzi wa kituo cha afya, Mbinga mjini, aliniambia nitoke jasho. Alikuwa amenipunguzia vidonge kidogo kidogo mpaka vikaisha, na sasa alisema mazoezi hayatanitibu, ila yataupa mwili kazi nyingine badala ya kukaa unanidai. "Tembea, kimbia, lima, chochote. Usijifungie ndani ukawaza." Aliposema nisiwaze nikajua hajanielewa. Mimi huwaza hata kabla ya kumwamkia mtu. Nikisema shikamoo kwa sauti ndogo ataona nina dharau. Nikisema kwa sauti kubwa ataona nimelewa.

Nilivunjika mguu mwaka wa mwisho wa chuo, bodaboda ilipoteleza kwenye tope. Hospitali wakanipa vidonge vya maumivu, vile vya rangi mbili, njano na kijani. Mguu ukapona, mimi nikaendelea kumeza. Nilirudi kwetu milimani, upande wa Maguu, na shahada isiyo na kazi na mwili usiolala bila dawa.

Mama alijua nina shida ya madawa. Zaidi ya hapo hakutaka kusikia. Kila nilipojaribu kumweleza ni dawa gani, aliinua mkono: "Baba, usinitajie. Acha tu, inatosha." Kichwani mwake yalikuwa mambo ya unga na sindano, vijana wa mijini wanaolala mitaroni.

Kwanza nilipelekwa kwa mjomba, chini ziwani, ili nibadilishe hewa. Nilikimbia kwenye mchanga asubuhi, kamasi zikinitoka, miguu ikitetemeka, wanawake walioanika dagaa wakinitazama. Mmoja akapaza sauti: "We msomi, nani anakufukuza? Mamba yuko majini, huko juu umeshapona!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sikurudi tena mchangani. Usiku nilikaa nikitafuta jibu ambalo ningempa, na nililipata wiki iliyofuata, nikiwa nimesharudi nyumbani.

Nyumbani kukimbia kulikuwa balaa zaidi. Kwetu mtu mzima hakimbii mlimani mikono mitupu. Akikimbia, watu husimama waone ameiba nini. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja kwa mama, akakaribishwa kiti, akazungumzia mvua na bei ya kahawa, kisha akauliza kwa adabu kubwa kama kijana ana ugomvi na mtu.

Hapo ndipo mama aliponikabidhi jembe. "Unataka jasho? Jasho liko shambani. Hakuna atakayekuuliza unakimbilia wapi."

Ilikuwa mwishoni mwa masika, wakati wa kuchimba ngolo. Mlima wetu ni mkali. Bila ngolo, udongo wote ungeshuka mtoni. Wanaume hufyeka nyasi, zikikauka huzipanga kwa mistari inayokatana, mlima mzima ukawa miraba. Hapo kazi yao imekwisha. Wanawake ndio huingia na majembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kuufukia ule mpaka wa nyasi, panabaki shimo, ndiyo ngolo yenyewe, na juu ya matuta hupandwa maharage. Baba alishafariki, kwa hiyo nyasi nilizipanga mimi, na hilo halikumshangaza mtu. Nilipozimaliza na kuinama kuchimba, shangazi yangu, mwenye shamba la jirani, aliacha jembe lake.

"Wifi! Njoo uone, umepata mkamwana mwenye ndevu!"

"Mwache," mama akajibu, "wa kwako hata kuchota maji hajui."

"Lakini wa kwangu havai suruali!"

Walicheka. Na mimi nilicheka, halafu nikawaza kama nimecheka kupita kiasi. Ila niliendelea kuchimba. Nilichimba nikipiga miayo, nikitoka jasho huku nina baridi, nikikimbilia kichakani tumbo lilipokataa. Lakini jioni nilianguka kitandani, na miguu, ile iliyokuwa ikirukaruka kama ya mtu mwingine, ikatulia. Nililala. Ambaye hajawahi kukosa usingizi kwa namna ile hawezi kujua nilivyolipenda lile jembe. Nilianza kuamini kwamba nikiufikisha msimu ule mwisho bila kumeza, nitakuwa nimetoka.

Asubuhi moja nilishindwa kunyoosha vidole. Mgongo ulikuwa mbao. Mama aliniona nikishika kikombe cha uji kwa viganja viwili, akatabasamu kama mtu aliyeona mwanawe amekua. Akafungua fundo la khanga yake.

"Umefanya kazi, mwanangu. Meza hii, mwili utalegea."

Kilikuwa kidonge cha njano na kijani.

Nilikiangalia kwenye kiganja chake chenye sugu. Niliwaza kwamba ananijaribu. Nikawaza kwamba ametumwa na muuguzi, kisha kwamba ni Mungu anayenijaribu, kisha kwamba kimoja si kitu, na kama ni mama anayekupa si kuiba wala kununua, ni kutii. Mate yalinijaa mdomoni. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mdomo ulijua kabla yangu.

"Mama," nilisema, "hii ndiyo yenyewe."

"Yenyewe nini?"

"Madawa. Ninayoacha ndiyo haya."

Akacheka. "Haya ya dukani? Haya ni ya hospitali, baba. Mbona mimi nameza kila nikienda shamba? Na shangazi yako. Unadhani magoti haya yanapanda mlima kwa sala?"

Kisha akaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa namtazama. Niliwaza Jumapili zake. Jumapili hatuendi shamba, na kila Jumapili mama alikuwa na "malaria": miayo wakati wa misa, kamasi kwenye leso, baridi juani. Jumatatu alipona na kupanda mlima mbele yangu. Nilikuwa nimekaa naye benchi moja kanisani, wote wawili tukitoka jasho, nikijiwaza mimi tu.

"Ukiacha inakuwaje?" aliuliza.

"Kama Jumapili."

Uji wangu ukafanya utando. "Kwa hiyo na mimi ni teja?"

Nilisema hapana, haraka mno.

Nilimpeleka kwa muuguzi. Muuguzi akamwambia asiache ghafla, apunguze kidogo kidogo kama nilivyopunguziwa mimi, arudi wamwone tena, na magoti yaangaliwe. Mama aliitikia kwa heshima zote, "asante mama, nimesikia," kwa mtu anayeweza kuwa mwanawe. Njiani akaniambia ataanza baada ya maharage. Nikamwambia nitachimba sehemu yake. Akasema, "Na mahindi? Na kahawa? Utachimba maisha yangu yote?" Nikatafuta jibu. Hilo bado sijalipata.

Maharage yalivunwa. Akasema baada ya kahawa.

Sasa anajificha. Siyo kwa aibu, anasema, ni kwa ajili yangu, nisije nikatamani. Na ni kweli natamani. Asubuhi hunipa kisogo, hufungua fundo, kichwa kinaenda nyuma kidogo, kisha anatangulia mlimani, mwepesi kama msichana. Mimi nafuata nyuma, magoti yakilia. Majirani wanamsifu. Shangazi husema kwa sauti, ili nisikie, kwamba mama yule ana nguvu za ajabu, bahati mbaya Mungu alimpa teja. Ningeweza kumjibu kwa neno moja, lakini neno hilo lingempiga mama, na lingempiga yeye mwenyewe.

Kwa hiyo nachimba. Mama akiwa mraba wa juu yangu, akiinama, lile fundo la khanga huning'inia usawa wa macho yangu. Nalitazama. Najua vilivyomo. Kisha nanyanyua jembe.