Kijiti Kilichohama

Mimi ni nesi Kilwa Masoko, na aibu hii bado inaninyima usingizi. Dada mmoja, mkulima wa Kiranjeranje, alikuja kutolewa kijiti cha kuzuia mimba. Kwa kawaida tunakiweka kwenye mkono usiotumika sana, basi nikamuuliza anakula kwa mkono gani.

"Wa kulia, nesi, kama tulivyofundishwa."

Sikupapasa hata kidogo. Nikampasua mkono wa kushoto, nikachokonoa, sikuona kitu. Nikamwambia kimehama, pengine kimeshafika kwenye mapafu. Akalia, akawataja wanawe mmoja mmoja.

Kisha akapandisha mkono wa kulia wa gauni lake.

"Kumbe kimehama kutoka huku? Waliniwekea huku kwa sababu nalima kwa shoto."

Nikagusa. Kijiti kilikuwa palepale.