Komeo la Umeme kwenye Pikapu Yangu

Kaka yangu aliendesha malori ya kwenda Zambia. Kipindi kile tulipopanga foleni hata kwa sabuni, alirudi Babati na gari dogo jeupe. Ukifunga mlango wa dereva kwa ufunguo, milango yote ilijifunga yenyewe. Baba yetu, aliyekuwa ameshuka kutoka Mbulu kututembelea, alimwomba arudie, kisha arudie tena. Nilisimama pembeni nikitabasamu huku moyo ukiniuma.

Mimi nilikuwa seremala pale Nangara, Babati hapo hapo. Pikapu yangu kuukuu niliifunga kwa waya upande wa dereva, na mlango wa abiria ulikuwa umeganda kwa kutu. Kitasa kipya hakikupatikana dukani hata kwa kujuana. Nikaamua kutengeneza changu, cha umeme, kuliko kumwona baba akishangaa cha kaka tu.

Umeme sikuujua. Nilikumbuka tu somo la shuleni, kwamba waya uliozungushwa ukipitishiwa umeme huvuta chuma. Nilichomoa waya wa shaba kwenye dainamo iliyoungua, nikauzungusha kwenye kipande cha bomba la plastiki kuwa koili. Koili ya kwanza ilitoa moshi na kunibabua vidole. Mke wangu aliuliza kwa nini nisimwombe kaka ushauri. Nikaanza kuzungusha upya. Koili ya pili, yenye waya mwingi zaidi, ilivuta. Nikaiweka ndani ya mlango wa dereva, na springi ikasukuma komeo kuufunga. Nikibonyeza swichi niliyoificha chini ya bampa, koili ililivuta komeo, mlango ukafunguka.

Jumapili, baada ya ibada, wote walikuja kwangu kula. Nikamkaribisha baba kwenye kiti cha dereva cha pikapu, nikaufunga mlango, nikaenda kubonyeza swichi. Kimya. Betri nilikuwa nimeimaliza kwa majaribio.

Kaka alicheka mpaka majirani wakasogea. Akamwambia baba apite dirishani, yeye atamshika mkono.

Baba hakusogea. "Nitatoka mlangoni," alisema. "Mwache mwenzako aufungue."

Ikabidi nimwombe kaka betri yake. Aliichomoa mwenyewe, akanishikia nilipokuwa naunganisha nyaya, na hakucheka tena. Komeo likarudi. Baba akashuka taratibu, akainama kuiangalia ile koili.

"Waya wote huu umeuzungusha kwa mkono?"

"Ndiyo, baba."

Akamgeukia kaka, akamuuliza kama gari lake alilinunua likiwa na komeo lake tayari. Kaka akakiri. Sikumbuki kama niliwahi kufurahi vile.

Nilitamani nimrudishe baba Mbulu mimi, lakini petroli ya mgao isingenifikisha popote. Alipanda gari la kaka. Walipokuwa wanageuza barabarani kaka alisema jambo, na baba akacheka akimpigapiga begani. Nilibaki nimesimama hapo na koleo mkononi. Mpaka leo sijui alimwambia nini.