Kozi Isiyohitaji Shamba

Nilipomaliza kidato cha nne nilitaka kusomea kilimo. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wa nyumbani kwetu Kagoma husimulia mpaka leo kwamba nilizaliwa mwalimu. Si kweli. Sina subira na watoto wa watu, na wakati ule sikuwa na subira hata na watu wazima. Nilichokuwa nacho ni hasira dhidi ya mdudu mmoja mdogo mweusi aliyekuwa akitoboa mashina ya migomba ya baba. Mgomba unabeba mkungu mzuri, kila mpita njia anausifu, kisha asubuhi unaukuta umelala chini na ndizi hazijakomaa. Baba alilaumu upepo. Mwalimu wetu wa baiolojia ndiye aliyenionyesha mdudu mwenyewe ndani ya chupa, akaniambia kuna chuo kinachofundisha namna ya kupambana naye.

Basi nikaenda Bukoba kuomba ufadhili. Ilikuwa miaka ile ya Azimio la Arusha. Redio inahimiza kilimo, matangazo ukutani yanahimiza kilimo, na viongozi wenye suruali zilizopigwa pasi wanasimama juu ya meza kuhimiza kilimo. Nikajiambia, mtu anayejitolea mwenyewe kusomea kilimo, tena msichana, watampokea kwa ngoma.

Karani wa ufadhili alikuwa na ofisi ndogo pale Miembeni. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionichosha kuliko kitu kingine. Alisoma fomu yangu yote, akavua miwani.

"Dada, alama zako ni nzuri sana. Lakini umeandika kilimo."

"Ndiyo, nimeandika kilimo."

"Kilimo kina sharti lake."

Sharti lilikuwa ukurasa wa nyuma. Aliyechagua ualimu alitakiwa kuleta cheti cha shule na barua ya balozi wa nyumba kumi, basi. Aliyechagua kilimo alileta hivyo, na juu yake karatasi iliyotiwa sahihi na mzazi kuthibitisha kwamba mwombaji ana shamba lake mwenyewe, japo robo eka, ili akihitimu awe na mahali pa kuwaonyesha wenzake kilimo bora. Bila shamba hakuna ufadhili, na bila ufadhili mtoto wa kwetu asingefika hata kwenye lango la chuo.

"Badilisha kozi," akasema kwa huruma. "Andika ualimu. Wiki ijayo utakuwa na jibu."

Nikamwambia nitaleta hiyo karatasi. Njia nzima mpaka Kemondo, na kutoka Kemondo mpaka nyumbani, nilikuwa juu ya lori nikipanga maneno ya kumwambia baba. Nilijua ninachokwenda kuomba. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kwetu ni mali ya ukoo na hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Binti anakilima na kula ndizi zake, lakini hakiandikwi jina lake.

"Tata, ni robo eka tu," nilimwambia. "Ni karatasi."

"Karatasi ndiyo inayoniogopesha. Mbwenu, sasa basi, mwana wange, ukiolewa huko mjini, hiyo robo utaibeba kichwani? Au mumeo atakuja kusimama katikati ya kahawa ya baba yangu awaambie kaka zako wasogee?"

"Sijaolewa."

"Utaolewa."

"Lakini migomba yenyewe inakufa, Tata!"

"Itakufa ikiwa ya ukoo."

Halafu, kana kwamba yeye na karani walikuwa wamekula njama, akaniambia nibadilishe kozi. Shangazi naye akasema nibadilishe kozi. Balozi, ambaye hakuwa ameulizwa, alisimama njiani na baiskeli yake kuniambia nibadilishe kozi. Nilitamani kupiga mtu.

Kesho yake alfajiri mama alinipa jembe, akatangulia. Tulitoka kwenye migomba tukaingia rweya, ule uwanda wa nyasi nje ya vibanja, ambako wanawake hufungua vishamba kila msimu wapande njugu mawe na viazi. Hakuna mwanaume anayegombania rweya, kwani machoni pake ni nyasi tu. Tulifyeka na kupindua majani kwa siku nyingi, viganja vikachubuka. Ardhi yenyewe ilikuwa ngumu na bahili.

"Hapa hakuna wa kukuuliza unaolewa na nani," mama alisema, na hilo ndilo lililokuwa neno lake refu kuliko yote juu ya jambo lile.

Nilipima kwa hatua mpaka nikapita robo eka. Mama akaweka dole gumba mahali palipoandikwa "mzazi". Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara nyingi, na hapakuwa na neno hata moja la kusema mzazi lazima awe baba. Nikarudi Miembeni siku ya mwisho ya kupokea fomu, kichwa juu.

Karani alifurahi kuniona. Aliipitia karatasi kwa kidole.

"Shamba liko wapi?"

"Rweya, nyuma ya vibanja vya kwetu."

Akavua miwani tena, nikajua mambo yameharibika.

"Dada, rweya ya huko imetengewa kijiji cha ujamaa. Sasa ni ardhi ya wote."

"Na mimi ni mmoja wa hao wote."

"Kweli kabisa. Lakini fomu inataka mwenyewe."

"Kwa hiyo penye mwenyewe sipewi kwa sababu mimi ni msichana, na hapa nilipolima si shamba kwa sababu ni pa wote?"

Alifikiri kwa dhati. Hilo namshukuru, hakunidharau. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Ufadhili haumfuati mtu, dada. Unafuata kozi." Kisha akatazama saa, akasogeza mbele yangu fomu nyingine isiyojazwa.

Nikaandika ualimu. Hakuna aliyeniuliza kama nawapenda watoto, wala hakuna aliyetaka nimwonyeshe darasa langu mwenyewe kabla sijaanza. Mhuri ukagongwa palepale. Nililia nikiwa nimeshika kalamu ya ofisi, na ile haikuwa huzuni, ilikuwa ghadhabu tupu. Yule mtu mwema akanipa karatasi ya kufutia machozi, akidhani ni furaha.

Jibu lilikuja ndani ya wiki, kama alivyoahidi. Ada, chakula, nauli, vyote juu ya Serikali. Baba alichinja mbuzi. Majirani walikuja, pombe ya ndizi ikamiminwa, na baba akasimama katikati ya watu, amevaa koti lake la kanisani, akasema, "Leo nimemsomesha binti yangu."

Wakampigia makofi. Ningeweza kunyamaza, mama alikuwa akinitazama ninyamaze.

"Tata," nikasema mbele yao wote, "umenisomesha kozi ambayo haikuhitaji kitu kutoka kwako."

Watu wakainamia sahani zao. Nilingoja anifokee, na nilikuwa tayari, nina maneno mengine mengi mdomoni. Hakufoka. Alikuja akaketi kando yangu kwenye mkeka, akanishika bega, akaongea polepole ili wengine wasisikie. Alisema nisimfikirie vibaya, hakuwahi kuwa na kinyongo na mimi wala na kilimo. Ningekuwa mvulana, angetia sahihi siku ileile.

Alidhani ananifariji.