Fundo la Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu alikuwa anafunga fundo ambalo mtu wa kawaida hawezi kufungua. Sisemi uongo, au nasema kidogo tu. Afande mmoja wa kambi ya jeshi ya Kimaka alileta bayoneti kufungua sabuni yetu, bayoneti ikapinda, akaenda stoo kuomba nyingine. Ile iliyopinda nasikia mpaka leo wanaangushia mafenesi.

Mimi nilikuwa mke mkubwa, yeye mke mdogo. Kwa hivyo mle nyumbani yeye aliniita Mkubwa, mimi nilimwita Mdogo, na majina tuliyopewa na wazazi tukayaachia vitambulisho. Bwana yetu alikuwa mchinjaji hapa Jinja, na duka lake la nyama lilikuwa dogo mpaka paja la ng'ombe likiingia, mnunuzi anatoka. Siku alipomleta Mdogo kutoka Mbale nilinuna. Nilinuna siku tatu, hata paka alihama. Siku ya nne nikamwona anavyofunga nyama, nikasahau kununa.

Bwana yetu hakutaka kavera, hii mifuko ya plastiki. Alisema nyama ndani ya kavera ni kama mtu amefunikwa mto usoni. Nyama yetu ilifungwa kwa byayi, yale maganda makavu ya mgomba ambayo yanajichuna yenyewe kwenye shina. Unaloweka kidogo, inakuwa laini, unakunja, unachana uzi mmoja wa ile ile byayi, unafunga. Nikifunga mimi, mnunuzi hajafika barabarani, ini limeshashuka linatembea peke yake. Akifunga Mdogo, ungeweza kurusha kilo mbili kutoka Jinja zikaanguka Buwenge bila kufunguka.

Mafuta ya ng'ombe yalikuwa yanabaki mengi, ndiyo tukaanza sabuni. Kupika ilikuwa kazi yangu. Nayeyusha mafuta, nachuja, namimina maji ya kostiki, ile soda kali ya sabuni, polepole, nakoroga mpaka mkono unasahau ni wa nani. Kostiki haina urafiki. Ilinirukia siku moja karibu na kiwiko, ikaniachia alama kama ramani ya ziwa, na visiwa vyake vyote. Ikishika tunakata vipande, tunavipanga juu ya kitanda cha fito, tunangoja wiki sita vikauke. Halafu Mdogo anakaa chini, miguu mbele, anatia jani moja la mchaichai juu ya kila kipande, anafunga kwa byayi. Sabuni ndani ya byayi inapumua. Inakauka zaidi, inakuwa ngumu, ukiogea nayo unamaliza uchafu wako na wa jirani.

Kosa lilikuwa letu, na lilikuwa kosa la nyumba ya mchinjaji. Byayi ya sabuni ilikuwa byayi ya nyama, fundo la sabuni lilikuwa fundo la nyama, na meza ya sabuni ilikuwa pale pale mlangoni pa duka. Adhuhuri moja bwana yetu ameenda kuswali, akaja afande mwingine wa Kimaka, mrefu, akiinama mlangoni huku kofia inabaki nje. Alitaka nyama nusu kilo. Mdogo akafunga, akaiweka mezani, mimi nikachukua kifurushi nikampa kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu. Nilimpa sabuni.

Kesho yake akarudi.

"Mama," akasema, "ile nyama yako iko na povu."

"Afande, mliipika?"

"Bibi yangu alipika. Fundo lilimshinda, akatia yote na maganda yake, kama mtu anapika matoke. Akatia nyanya, akatia kitunguu. Kufunua, povu imetoka kwa sufuria, imeshuka kwa jiko, imetoka nje mlangoni. Jirani alifikiri tunaosha gari."

"Kwani uko na gari, afande?"

"Sina."

Mdogo nyuma yangu alikuwa ameingiza leso yote mdomoni.

"Na sufuria iko namna gani sasa?"

Afande akafikiri, maana alikuwa mtu wa haki. "Sufuria ni safi," akasema. "Tangu nioe, sijaona sufuria safi namna ile."

Tukampa nyama yake, tukampa na ya kumwomba radhi, na kabla hajatoka akanunua sabuni nyingine. Kuanzia siku ile Mdogo akaweka sheria: fundo la chakula linakaa katikati ya kifurushi, fundo la sabuni linakaa pembeni. Hata gizani ungejua kwa kidole.

Halafu bwana yetu akafariki. Hiyo sehemu sina namna ya kuitia chumvi.

Tulikaa eda pamoja, miezi minne na siku kumi, chumba kimoja, sabuni zinakauka chini ya kitanda. Mtu angesikia tulivyokuwa tunacheka mle ndani angesema hatukumpenda. Tulimpenda, ndiyo maana tulikuwa na mengi ya kumcheka. Tulimcheka alivyokuwa anaongea na ng'ombe kabla ya kuchinja, anawauliza habari za nyumbani. Mdogo akimwigiza, mimi nalala chini.

Eda ilipoisha, binti wa Mdogo, ambaye ni mwalimu Mbale, akaja kumchukua akakae naye. Duka la nyama lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine. Mizigo imefungwa, na nani alifunga, unajua. Mdogo akasimama mbele yangu akaniuliza, "Mkubwa, niende?"

Nikamwambia, "Nenda, nipumue. Unakoroma kama mashine ya kusaga posho."

Akacheka, nikacheka, binti akacheka, akaenda. Yeye aliniuliza swali, mimi nikampa kichekesho. Nimekirudia kile kichekesho kichwani mara nyingi kuliko nywele zangu, na kila mara kinapungua utamu.

Nilibaki napika sabuni peke yangu. Kukoroga kwa mtu mmoja ni kurefu. Unasema kitu, unangoja, sufuria haijibu. Nilijifunza kufunga mwenyewe, vifurushi vyangu vikawa vinakaa kama mtu ameamka vibaya.

Lakini kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea ndizi kwenye sahani, sahani inarudi na kitu, hata kama ni chumvi ya kushika kwa vidole. Kwa hivyo nilimtumia Mdogo sabuni kwa dereva mmoja wa teksi za Mbale, na baada ya wiki dereva akaniletea byayi ile ile, imefungwa fundo la kuua mtu, katikati. Chakula. Ndani, malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwao mlimani, yamekaushwa kwa moshi. Nikapika na karanga, nikala peke yangu, nikalamba mwiko, nikalamba na kivuli chake.

Tukaendelea hivyo. Sabuni inaenda, fundo pembeni. Malewa inarudi, fundo katikati, au maharagwe, au kahawa. Simu tulikuwa nazo, lakini kwenye simu Mdogo anakuwa mtu mwingine, anapiga kelele kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto, anauliza hujambo mara tisa, halafu salio linaisha. Kuandika hatujui wote wawili. Byayi ndiyo ilikuwa inaongea vizuri. Moja ilienda na kurudi mpaka ikajua njia, ningeiacha steji ikapanda gari yenyewe.

Sasa akaja mama mmoja mwenye duka la vitu vya wageni, hawa wanaokuja kuangalia Nile inapoanzia. Akashika sabuni yangu, akaigeuza.

"Nzuri," akasema, "lakini imevaa kama inaenda kuzikwa. Mgeni anataka kuona ndani."

"Mgeni anaogea macho?"

"Mama, weka kwenye kavera safi, ile inayong'aa. Utaona."

Nikaona aibu. Kweli vifurushi vyangu havikuwa vya Mdogo. Nikanunua kavera zinazong'aa mpaka ukiziweka juani, ndege za uwanja wa Kimaka zinataka kutua. Nikafunga zote, na nikamtumia Mdogo moja, kwa majivuno, aone nimeendelea.

Hakikurudi kitu.

Nikasema ni mvua. Nikatuma ya pili. Hakikurudi kitu, nikasema malewa haijashuka mlimani. Nikatuma ya tatu. Dereva akaniambia, "Mama, nilimpa mkononi. Aliangalia tu, akasema asante." Nikapiga simu. Zimefika? Zimefika. Hujambo? Sijambo. Hujambo? Salio likaisha.

Nikaacha kulala vizuri, na mimi ni mtu wa kulala mpaka majirani wanakuja kupima pumzi. Nilijua nimempoteza. Mume anakufa, hilo mtu analia na watu wanakuja kukaa na wewe. Lakini mke mwenza akikuacha, utamwambia nani? Watu watakupongeza.

Nikaenda Mbale. Nikashuka, nikachukua boda mpaka Nkoma, kwa binti. Nyumba nzuri, ua umefagiliwa, na uani kuna kamba ya nguo. Kwenye kamba kulikuwa na sare za wajukuu, leso moja ninayoijua, na kavera tatu. Zimeoshwa, zimebanwa na vibanio, zinapepea.

Mdogo akatoka jikoni. Tukaangaliana.

"Umekonda, Mkubwa."

"Ile nusu yangu uliibeba wewe. Naiona hapo."

Akacheka, lakini kidogo. Nikaonyesha kamba. "Hizi mnaanika nini?"

"Ni zako."

"Kwa nini hukurudisha?"

"Nirudishe nini ndani yake? Malewa mle ndani itaota ukungu kabla ya Iganga." Akajifuta mikono. "Na kavera mtu harudishi, Mkubwa. Kavera mtu anatupa. Nikasema basi, Mkubwa ananiambia tumemaliza. Amenitumia kitu cha kutupa."

"Sasa mbona hukutupa?"

"Sabuni zilitoka jasho mle ndani, zikanuka. Nikaosha."

"Ungetupa tu."

"Ni zako," akasema tena, kama mtu anamweleza mtoto.

Nilikuwa na kichekesho tayari, kilikuwa mdomoni kabisa. Nikakimeza. Nikamwambia, "Siku ile uliniuliza uende. Nilitaka kusema usiende."

Akakaa kwenye ngazi. Nikakaa. Mlima ulikuwa mbele yetu, mkubwa kama deni la serikali, na hakuna aliyeutazama.

"Nilijua," akasema. "Lakini nilifikiri utasema nikifika kwenye gari. Nikafungua na dirisha."

"Turudi basi. Sufuria iko, fito ziko. Ukoromo wako niko na hamu nao."

Hapo akaniwekea mikono yake magotini pangu. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo, vimekwenda upande kama miti ya kando ya barabara. Alinishikisha. Vilikuwa vya moto.

"Hii ndiyo inafunga leso yangu kwa dakika kumi," akasema. "Na hawa watoto wananingoja wakitoka shule. Nitakuja kukutembelea. Kuishi, hapana, Mkubwa. Hapa niko na mtu wa kunifunga vifungo."

Nilitaka kusema vifungo nitamfunga mimi. Nilisema, na yeye akanipapasa mkono pale penye alama ya kostiki, kisiwa kwa kisiwa, kama anahesabu vyote viko.

Nikiondoka akanipa kifurushi. Byayi alitafuta kwa jirani, akafunga mwenyewe, binti alipotaka kusaidia akamfukuza. Fundo katikati. Nikapanda gari nikiwa nimekipakata. Tulipofika Iganga, fundo likafunguka lenyewe, malewa yote mapajani, harufu ya moshi gari zima. Konda akageuka akauliza nani anaungua.

"Ni mimi," nikamwambia.

Abiria wakacheka. Nilijaribu kulifunga tena vile lilivyokuwa, lakini nililifunga kwa fundo langu, lile la ini kutembea.

Nimerudi kwenye byayi. Mama wa duka la wageni naye amerudi, anasema sasa wageni wanauliza kama kuna kifungashio ambacho hakichafui ziwa, na je, najua mtu anayetengeneza. Nikamwambia namjua, ila yuko mbali. Kavera zilizobaki nimeziba nazo dirisha la banda la kuku, na kuku wananiangalia vibaya.

Kwa dereva natuma kama zamani, sabuni, fundo pembeni. Vinavyorudi vinarudi vimelegea, kila mara kidogo zaidi. Dereva ananiambia, "Mama, hiki nilikishika mkononi njia nzima kisimwagike." Kwa hivyo nimeanza kuchagua byayi ndefu. Naenda mwenyewe shambani kwa watu, natafuta migomba mirefu, nachana nyuzi ndefu kama njia ya Mbale, nazitia pamoja na sabuni. Mdogo akizungusha mara nyingi, mara kumi, mara ishirini, hahitaji kukaza. Itashika tu.